Ng'ombe Hawakunywa Mtera

Sisi tuliozaliwa mwishoni mwa miaka ya themanini tuna namba moja kichwani ambayo hakuna mwalimu aliyetufundisha: 690. Ni mita 690 juu ya usawa wa bahari, kima ambacho maji ya bwawa la Mtera yakikifikia, mitambo inatakiwa kusimama. Bwawa likijaa pomoni ni 698.5. Yaani mita nane na nusu tu ndizo zilizotenganisha taa na kibatari. Taarifa ya habari ilikuwa ikitutajia kina cha Mtera kama inavyotaja matokeo ya mpira, na wazee wakitikisa kichwa kama timu yao imefungwa.

Mwaka 2006 nilikuwa kidato cha tatu, bweni, Mbeya mjini. Mgao wa mwaka ule ulikuwa mkali. Tulisoma jioni kwa chemli, watu kumi na zaidi tukigombea mwanga wa kioo kimoja chenye masizi, na kila mtu aliuliza: nani kamaliza maji? Jibu halikuchelewa. Lilitoka redioni, likapita kwa walimu, likafika mabwenini likiwa limeshakamilika: ni wafugaji wa Usangu. Ng'ombe wao wameivamia Ihefu, wameikanyaga, wameikausha. Machi mwaka huo Makamu wa Rais, Dk. Ali Mohamed Shein, alitangaza mkakati wa kunusuru ardhi na vyanzo vya maji. Kuanzia Mei operesheni ya kuwaondoa wafugaji ikaanza, ikaendelea hadi 2007. Idadi inayotajwa mara nyingi ni mifugo zaidi ya 300,000. Wengi walielekezwa Lindi, Kilwa na Rufiji. Wengine walivuka mlima wakaja kwetu Chunya.

Tangu hapo nimesikia watu wakibishana kuhusu Usangu kana kwamba swali ni moja tu: je, ni halali kuwaumiza wachache ili wengi wapate mwanga? Ni swali zuri la semina ya falsafa. Huyu anasimama upande wa wengi, yule upande wa wachache, chai inakuja, mnaachana kwa amani. Mimi naona swali hilo limewahishwa mno. Kabla yake kuna jingine, la kijinga kidogo, la mwanafunzi wa hesabu: hivi mwanga wenyewe ulipatikana? Na ninachotaka kutetea hapa ni kwamba anayeruka swali hilo la kijinga ameshadhulumu kabla hata hajafika kwenye lile kubwa.

Nianze na mlima. Ukitoka Mbeya mjini kwenda Chunya barabara inapanda msituni Kawetere, baridi inaingia hadi kwenye mifupa, kisha unafika mahali ambapo wazungu walipaita Mwisho wa Dunia. Chini yako ndiyo Usangu, tambarare hadi macho yachoke. Milima hii inagawa maji. Mvua ya upande ule inashuka Usangu, inaingia Ruaha Mkuu, inatandaa kwenye ardhioevu ya Ihefu, inatoka penye kizingiti cha mwamba cha N'giriama, inapita Hifadhi ya Ruaha, inafika Mtera, halafu Kidatu, halafu Rufiji na bahari. Mvua ya upande wetu inafuata mto Lupa hadi Ziwa Rukwa, ziwa lisilo na mlango wa kutokea. Ndiyo maana watu wa Chunya tumetuhumiwa mengi (dhahabu, mkaa, ushirikina), lakini kuzima taa ya taifa hatujawahi kutuhumiwa. Maji yetu hayaendi popote penye mtambo.

Mtera yenyewe ipo mpakani mwa Iringa na Dodoma, nchi kavu ya mibuyu na michongoma. Bwawa lilijengwa kwanza kama ghala: kazi yake ilikuwa kutunza maji ya masika ili Kidatu, kule chini, kifanye kazi mwaka mzima. Mitambo ya Mtera, megawati 80, ilikuja baadaye, mwaka 1988. Kidatu ni megawati 204. Kwa muda mrefu vituo hivi viwili ndivyo vilivyokuwa moyo wa gridi ya taifa, na mtu aliyeshika kopo la maji popote juu ya Mtera alikuwa, atake asitake, ameshika swichi ya Dar es Salaam. Angalau ndivyo tulivyoambiwa.

Sasa hesabu. Ng'ombe wa kienyeji akinywa vizuri anamaliza lita 30 hadi 40 kwa siku. Tuchukue 40, tuwe wakali. Ng'ombe 300,000 mara lita 40 ni lita milioni 12 kwa siku, sawa na mita za ujazo 12,000. Inasikika kama bahari. Lakini jaruba la mpunga lenye hekta moja, likimwagiliwa kwa kiasi cha kawaida cha lita moja kila sekunde, linachukua mita za ujazo 86 na ushee kwa siku. Gawanya. Ng'ombe wote wale wanakunywa maji ya hekta 140 hivi za mpunga. Na Usangu, mvua ikiwa nzuri, hulimwa mpunga kwa makumi ya maelfu ya hekta.

Najua, ng'ombe hanywi tu. Anakanyaga, anakula majani, anagandamiza udongo, na wingi ule ulikuwa na madhara yake. Sipo hapa kumtakasa ng'ombe. Lakini kama shitaka ni wizi wa maji, basi mshitakiwa aliyefikishwa kizimbani aliiba kikombe, na hapo hapo ndoo zinapita mlangoni.

Kuna jambo zito zaidi ya hilo. Upungufu ulikuwa wa aina mbili, watu wakaufanya mmoja. Wa kwanza ni kukauka kwa Ruaha Mkuu ndani ya hifadhi wakati wa kiangazi, jambo lililoanza 1993. Huo ni kweli una mkono wa watu wa juu: mifereji ya mpunga ilipoendelea kuvuta maji kiangazi, Ihefu ilipokea kidogo kuliko kilichokuwa kinapotea kwa jua, maji yakashuka chini ya kile kizingiti cha N'giriama, mto ukakatika. Viboko wakabanana kwenye madimbwi ya tope. Aliyewaona hawezi kuwasahau, na mimi sioni aibu kusema kiboko naye ana dai lake katika mto ule.

Upungufu wa pili ni wa Mtera. Lakini Mtera haijazwi na vijito vya kiangazi. Inajazwa na mafuriko ya masika, tena si ya Ruaha Mkuu peke yake, kuna Ruaha Mdogo na Kisigo pia. Mradi wa utafiti wa SMUWC, uliofadhiliwa na Uingereza na kufikia mwisho mwaka 2001, ulishalieleza hilo. Mwaka 2003 watafiti waliochambua mfumo wa Mtera na Kidatu walionyesha kwamba namna maji yalivyokuwa yakiachiwa kutoka bwawani ilikuwa na mchango mkubwa katika upungufu wa miaka ya tisini. Kwa maneno ya mtaani: ghala lilikuwa linavuja kwa mwenye ghala. Mwaka 2012 mwanaanthropolojia Martin Walsh, aliyefanya kazi Usangu, aliandika historia nzima ya jinsi hofu hii ilivyotengenezwa. Tazama tena tarehe mbili za kwanza. 2001. 2003. Operesheni ilikuwa 2006. Haikukosekana elimu. Ilikuwepo, imechapwa, ipo kwenye makabati.

Wasomaji wa ukurasa huu wengi mtakuwa mmeshakumbuka Omelas, mji wa Ursula Le Guin katika hadithi yake ya 1973, ambako raha ya mji wote inategemea mtoto mmoja aliyefungiwa gizani. Walimu wa fasihi na falsafa wanaipenda hadithi hiyo, nami naipenda. Ila kila mtu anapoileta katika mjadala wa mabwawa najikuta nakataa. Omelas kuna mapatano. Wote wanajua masharti: mtoto akitolewa, raha inakwisha. Ukatili wao ni wa wazi, na ndiyo maana hadithi inauma. Kwetu hakuna aliyekwenda kuangalia kama mateso ya mtoto na taa ya mji vimeunganishwa na waya wowote. Mtoto alifungiwa kwa sababu mji ulikuwa gizani, basi. Na alipokwisha kufungiwa, taa haikuwaka kwa ajili hiyo. Ilisubiri mvua ya mwisho wa 2006.

Nimejaribu kumtafutia mtetezi aliyefanya uamuzi ule, maana si haki kubishana na mtu asiyekuwepo. Utetezi wenye nguvu ni huu: nchi ilikuwa gizani, viwanda vimesimama, kiongozi hawezi kusubiri ushahidi kamili kama anavyosubiri mwanachuo. Nyumba ikiungua hauulizi nani kawasha kiberiti, unamwaga maji. Nakubali nusu. Dharura inaruhusu haraka. Lakini haraka nayo ina upande inaoelekea, na upande huo ndio unaosema ukweli. Kama lengo lilikuwa maji, haraka ingeanzia penye maji mengi: kwenye mabanio ya mifereji, kwenye mashamba makubwa yaliyokuwa ya NAFCO, kwenye milango ya bwawa lenyewe. Ilianzia kwa watu wasio na hati, wanaohamahama, wasemao Kiswahili chenye lafudhi ya Kanda ya Ziwa au ya Kimasai, ambao jirani yao hakuwapenda sana tangu mwanzo. Kosa la kutojua si dogo pale ambapo anayelipa si yule asiyejua.

Mwaka huo huo wa 2006, kumbuka, serikali iliingia mkataba wa umeme wa dharura wa Richmond. Mambo yalipoharibika kukawa na kamati ya Bunge, mjadala mkali, na Februari 2008 Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu. Kwa upande wa fedha nchi ilijua kuuliza: nani alijua nini, lini? Kuhusu Ihefu Rais Kikwete aliunda tume chini ya Jaji Othman Chande mwaka 2007, iangalie malalamiko ya operesheni, nalo lilikuwa jambo la maana. Lakini hata malalamiko yale yalihusu zaidi namna watu walivyoondolewa: faini, mifugo iliyokufa njiani, ukali wa askari. Sababu ya kuwaondoa ilibaki imesimama pale, kama kiti ambacho kila mtu anakizunguka.

Nadhani lugha yetu ilisaidia kukificha kiti hicho. Kiswahili kina neno moja, chanzo, kwa mambo mawili: mahali mto unapoanzia, na sababu ya tatizo. Waliokaa kwenye chanzo cha maji wakageuka kuwa chanzo cha mgao, na sikio halikushtuka, maana neno ni lile lile. Halafu kuna kupisha. Mtu haondolewi siku hizi, anapisha: kapisha mradi, kapisha hifadhi, kapisha barabara. Neno la adabu kabisa. Njiani ukimpisha mkubwa wako, yeye anapita, wewe unaendelea na safari yako kwa njia ile ile. Sijaona hata mmoja aliyepisha Usangu kisha akarudi kwenye njia yake baada ya mkubwa kupita.

Mmoja wao nilimkuta mnadani, wilayani Chunya, miaka michache iliyopita, mzee wa Kisukuma aliyekaa juu ya gogo akiangalia ng'ombe wa wenzake wakipigwa bei. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akaniuliza mimi ni mtoto wa nani kabla hajakubali kuulizwa lolote. Nilipomwambia naandika habari za Usangu alicheka.

"Mwanangu, mimi hiyo Mtera sijawahi kuiona."

Alisema hivyo tu kwanza, bila hasira. Aliingia Usangu kijana, akitokea Shinyanga, kwa sababu kwao malisho yaliisha. Aliondoka Usangu akiwa na ng'ombe pungufu ya nusu. Nilimuuliza kama aliambiwa kwa nini anaondolewa. Akasema aliambiwa. "Walisema tunakunywa umeme." Halafu akanigeuzia: "Na wewe huko mjini, siku hizi haukatiki?" Nikamwambia unakatika, babu. Akatikisa kichwa taratibu, akarudi kuangalia mnada. Kuna siku nimefikiri jibu lake lilikuwa kejeli. Siku nyingine nadhani alikuwa anataka kujua kweli, kama mtu aliyetoa mchango wa harusi anavyouliza kama bibi harusi anaendelea vizuri.

Upande wa pili wa mlima niliye naye ni mjomba wangu, mkulima wa mpunga jirani na Ubaruku. Kwake 2006 ilikuwa mwaka wa shangwe. Ng'ombe walikuwa wakiingia majarubani, kesi haziishi, na siku malori yalipopita yeye na wenzake walipiga vigelegele. Hajawahi kukana. Nilipomwonyesha ile hesabu yangu ya lita na hekta aliiangalia kwa makini, akasema, "Kwa hiyo unasema mwizi ni mimi." Nikasema hapana, mjomba, nasema wewe ulikuwa wa pili kwenye foleni. Hakupenda.

Lakini mantiki ni hiyo. Mtu akishaondolewa kwa hoja ya maji, na maji yasiongezeke, hoja haifi. Inabaki na njaa yake, inatafuta mwingine. Pori la Akiba la Usangu, lililotangazwa 1998, liliunganishwa na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha mwaka 2008 kwa Tangazo la Serikali namba 28, na hifadhi ikapita kilomita za mraba 20,000. Ndani ya mstari huo vikajikuta vijiji na mashamba ya watu ambao miaka miwili nyuma walikuwa wakipiga vigelegele. Mbarali sasa neno GN linatamkwa kama jina la ugonjwa. "Amepatwa na GN", utasikia, na kila mtu anaelewa. Oktoba 2022 Waziri wa Ardhi wa wakati huo, Angeline Mabula, alitangaza kwamba vijiji 5 vitaondoka, pamoja na vitongoji 47 vya vijiji vingine. Moja ya sababu zilizotajwa: maji ya Ruaha sasa yanahitajika kwenye Bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115, lililoanza kujazwa Desemba mwaka huo huo.

Ruaha Mkuu huchangia asilimia 15 hivi ya maji ya Rufiji. Kilombero peke yake hutoa zaidi ya nusu. Simaanishi asilimia 15 si kitu. Naonyesha tu jinsi wimbo ulivyobadilishwa jina la bwawa na kuachwa ala zile zile.

Safari hii walau kelele zilikuwa kubwa. Wakulima walikwenda Mahakama Kuu Mbeya. Malalamiko yalifika Benki ya Dunia, iliyokuwa ikifadhili mradi wa utalii wa kusini, REGROW, wa dola milioni 150. Aprili 2024 benki ikasimamisha malipo, na Novemba mradi ukafutwa. Kabla ya hapo, Oktoba 2023, lilikuwa limetoka GN jipya, namba 754, likachora mpaka upya, wengine wakapumua na wengine wakabaki ndani. Mkulima ana mbunge, ana ghala, ana gunia linalofika Kariakoo. Mfugaji wa 2006 hakuwa na hivyo, na nadhani tofauti ya matokeo inaeleza mengi kuhusu thamani tunayoipima tunaposema maslahi ya taifa. (Hata timu ya Ihefu, ile iliyoifunga Yanga 2-1 Novemba 2022 na kukata mechi zake 49 bila kufungwa, ilihamia Singida ikabadilishwa jina. Mjomba anasema hiyo ndiyo iliyomuuma zaidi. Sidhani kama anatania.)

Kuna kiumbe mmoja wa nyanda hizi aliyepisha mradi wa umeme na akarudi. Ni chura wa Kihansi. Alikuwa akiishi kwenye manyunyu ya maporomoko ya mto Kihansi, Udzungwa, mahali pa ukubwa wa hekta chache tu duniani kote. Kituo cha umeme cha megawati 180 kilipowashwa mwaka 2000 na maji yakahamishwa, manyunyu yakakoma. Vyura 499 wakapandishwa ndege kwenda Marekani, wakatunzwa kwenye hifadhi ya wanyama ya Bronx, New York, na kwingine. Bondeni wakafungiwa mabomba ya kunyunyizia maji, na sehemu ya maji ikaachwa ipite bila kuzalisha umeme, kwa ajili yao. Mwaka 2010 wakarejeshwa Dar es Salaam, 2012 wakaachiwa tena Kihansi.

Hadithi hii husimuliwa nchini kwa dhihaka: tazameni, chura amepanda ndege. Mimi siicheki. Naichukulia kama ushahidi wa uwezo. Inaonyesha kwamba nchi hii, ikitaka, inaweza kumhesabu aliyehamishwa mmoja mmoja, kujua yuko wapi, kumtunza, kumpimia maji yake, na kumrudisha miaka kumi na miwili baadaye. Kwa hiyo ninapoambiwa kwamba kuwafuatilia wafugaji waliotawanyika hadi Lindi lilikuwa jambo lisilowezekana, namkumbuka chura.

Niongeze jambo moja ambalo halikai vizuri popote katika makala hii. Mtera ipo tarafa ya Isimani, na Isimani ndiko alikouawa Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dk. Wilbert Kleruu, siku ya Krismasi 1971, mikononi mwa mkulima Saidi Mwamwindi, katika ugomvi wa shamba wakati wa ujamaa. Kezilahabi alipochapisha Dunia Uwanja wa Fujo mwaka 1975, Tumaini wake naye anafika mahali pa kuua kiongozi kwa sababu ya shamba. Sisemi kitabu kilitoka kwenye tukio, hilo tuwaachie wahakiki. Ninachokiona ni kwamba fasihi yetu ina mhusika anayekataa kupisha, na inamnyonga. Yule anayepisha kimyakimya, anayefunga ng'ombe wake usiku na kuvuka mlima, bado sijakutana naye kwenye riwaya. Labda kwa sababu hana tukio. Anaondoka tu, na sura inayofuata inaendelea na waliobaki.

Mwezi uliopita mjomba alinipigia simu usiku. Mtu mmoja amemtumia picha ya ramani kwenye simu, mpaka umechorwa kwa namba, na yeye namba zile hazimwambii kitu. Akataka nimsomee. Nikamwambia mjomba, zile ni za setilaiti, inabidi asimame shambani na simu yenye kuonyesha mahali alipo. Akasema yupo shambani. Saa tatu usiku, nasikia vyura nyuma yake. Tukaanza: mimi nasoma tarakimu, yeye anatembea kwenye tuta la jaruba, anarudi, anatembea tena, anauliza, "Hapa penye mfereji je? Ndani au nje?" Picha ilikuwa na ukungu, tarakimu ya mwisho ilionekana kama 3, ikaonekana kama 8. Nikamwambia asubiri niikuze.